Meli ikishafunga kamba, kwa nini isizime injini?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mhandisi. Ninaishi Keko, si mbali na bandari. Mtoto wangu ana miaka sita na ana pumu. Miezi ya Kaskazi nikiacha nguo nyeupe kwenye kamba usiku, asubuhi nazikuta na vijichembe vyeusi. Mume wangu anaendesha trekta la yadi bandarini, na ananiambia ni moshi wa meli zilizoko gatini, kwamba injini hazizimwi hata meli ikikaa siku tatu. Nasikia kwa wenzetu meli inachomekwa umeme kama simu, na kuna meli zinazotumia mafuta mapya yasiyo na moshi. Kwa nini isiwe hapa Dar es Salaam? Na mambo hayo yakija, mume wangu aliyezoea mashine za dizeli atakuwa mgeni wa nani?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguliwa na mtoto. Nimekaa vyumba vya injini vya meli miaka kumi na minane kabla ya kurudi nchi kavu kufundisha, kwa hiyo moshi unaouona kwenye shuka zako naujua kutoka upande ule mwingine, upande wa anayeuwasha. Nitakujibu kwa urefu, maana swali lako lina mambo ambayo hata wakubwa wenye kusaini mikataba huyachanganya.

Mumeo amekuambia kweli, ila kuna jambo dogo la kurekebisha. Meli ikishafunga kamba, injini kuu, ile inayozungusha panga boi, huzimwa. Zinazobaki zikinguruma ni jenereta. Ndani ya meli kuna mabaharia ishirini na kitu wanaopika, kuoga na kulala. Kuna pampu zinazohamisha maji ya kusawazisha meli kila makontena yanapotoka upande mmoja. Kuna feni, taa za sitaha, mashine za kufunga na kulegeza kamba. Na kinachokula umeme kuliko vyote ni makontena ya baridi, yale ya samaki, nyama na parachichi. Hayo hayatakiwi kukaa bila umeme kwa muda mrefu.

Meli ya makontena ya wastani ikiwa gatini inaweza kutumia megawati moja, na ikiwa na makontena mengi ya baridi inapita hapo. Tupige hesabu kwa megawati moja na zile siku tatu za mumeo. Megawati moja ni uniti 1,000 za umeme kila saa. Kwa saa 72 ni uniti 72,000. Jenereta ya meli inakula takriban gramu 210 za mafuta kwa kila uniti. Inakuja tani 15 za mafuta, na tani 15 za mafuta zikiungua zinatoa karibu tani 48 za hewa ukaa. Meli moja, siku tatu, bila kusogea hata hatua moja.

Hewa ukaa inapasha joto dunia nzima, lakini siyo inayomkaba mwanao. Kinachomkaba ni masizi, gesi za naitrojeni na gesi za salfa. Tangu tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilishusha kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Ni hatua kubwa sana. Hata hivyo, dizeli ya magari kwa kiwango cha Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na asilimia 0.5 ni sehemu 5,000. Kwa maneno mengine, mafuta ambayo meli inaruhusiwa kuchoma mbele ya nyumba yako yana salfa mara mia kuliko dizeli ya lori linalopita Barabara ya Mandela.

Na uliposema miezi ya Kaskazi, ulisema jambo ambalo wataalamu wengi wangelipita. Magati yetu yamejipanga upande wa magharibi wa lango la bahari. Kaskazi ikivuma kutoka kaskazini-mashariki, moshi unasukumwa kuja Kurasini, Keko na Temeke. Kusi ikigeuka kuanzia Aprili, moshi uleule unakwenda Gerezani na Kariakoo. Sitakuambia kwamba kila kijichembe kwenye shuka ni cha meli. Malori ya kwenda Tunduma, mkaa na taka zinazochomwa mtaani navyo vimo. Lakini ukiona vinazidi Kaskazi na kupungua Kusi, hapo meli na mashine za yadi zina sehemu yao.

Sasa hilo la kuchomeka. Nakumbuka mara ya kwanza nilipolishuhudia. Ilikuwa bandari moja ya Skandinavia, mwezi Februari, baridi imetukausha vidole. Watu wawili wa bandari walikuja na kreni ndogo, wakatuinulia kebo mbili nene kama mkono wa mtu mzima. Tukazipokea upande wa meli na kuzifunga kwenye soketi zenye kufuli. Hakuna anayegusa chochote mpaka ihakikishwe kwamba nyaya hazina umeme na zimeunganishwa na ardhi, na funguo ziko kwa mtu mmoja. Kisha nikashuka chumba cha kudhibiti injini. Pale kuna saa yenye mshale unaoonyesha kama umeme wa meli na wa nchi kavu vinakwenda sambamba. Mshale ulizunguka taratibu, ukafika juu kabisa, swichi ikajifunga kwa kishindo. Taa hazikupepesa. Tukapunguza mzigo wa jenereta, tukaiacha izunguke dakika chache ipoe, tukaizima.

Chumba cha injini kikanyamaza. Miaka yote ile sikuwahi kusikia maji yakigonga ubavu wa meli nikiwa mle ndani. Siku ile niliyasikia.

Wala si teknolojia ya jana. Göteborg, Sweden, walianza kuchomeka meli za mizigo kwa umeme wa msongo mkubwa mwaka 2000, na Los Angeles wakafuata kwa meli za makontena mwaka 2004. Viwango vya kimataifa vya soketi na kebo vipo, ili meli iliyochomekwa Asia iweze kuchomekwa Ulaya bila kubadilisha kitu. Na Umoja wa Ulaya umepitisha kwamba kuanzia mwaka 2030 meli za makontena na za abiria zitakazofunga katika bandari zake kuu zichomekwe, vinginevyo zilipe. Kwa hiyo wenye meli wanafunga soketi hizo kwa sababu ya Ulaya, na meli hizohizo, leo au kesho, zinaingia Dar es Salaam. Soketi inakuja yenyewe. Kinachokosekana ni upande wetu wa waya.

Na hapo ndipo pana ugumu ambao hausemwi kwenye hotuba. Umeme wa TANESCO unapiga mara 50 kwa sekunde. Meli nyingi kubwa zimeundwa kwa umeme unaopiga mara 60. Mota iliyoundwa kwa 60 ukiilisha 50 inazunguka polepole na inapata moto. Pampu zinapungua nguvu, na ukilazimisha utaunguza. Kwa hiyo huwezi kuvuta waya kutoka kwenye transfoma ukaupachika melini. Unahitaji mashine ya kugeuza masafa, yaani idadi ya mapigo hayo kwa sekunde, yenye ukubwa wa makontena kadhaa, kisha transfoma ya kupeleka volti 6,600 gatini, kisha mifereji ya kebo chini ya sakafu ya gati, kisha mashimo yenye soketi kila baada ya mita kadhaa, kwa kuwa meli hazifungi mahali pamoja. Mashine hiyo ya kugeuza masafa ndiyo inayokula pesa. Marekani hawana shida hii, umeme wao ni wa 60 tangu mwanzo. Sisi na Ulaya tunayo.

Watu wengi hudhani kikwazo ni kwamba nchi haina umeme wa kutosha. Si kweli tena. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Chukua meli sita gatini kwa wakati mmoja, uzipe megawati moja na nusu kila moja: ni megawati tisa. Hiyo haifiki hata asilimia nne ya mtambo mmoja kati ya tisa. Na hata siku ambayo umeme wote ungetoka kwenye mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, bado hewa ukaa kwa kila uniti ingekuwa chini ya ile ya jenereta ya meli, na moshi wake usingetokea dirishani kwako.

Ila wewe wa Keko unajua kwamba bwawa kujaa si sawa na taa kuwaka. Umeme uko Rufiji, tatizo liko kwenye nyaya na vituo vya kupozea umeme vya mji huu. Kukatika hakuzuii kuchomeka, maana umeme wa nchi kavu ukipotea, jenereta za meli hujiwasha zenyewe ndani ya muda mfupi mno. Lakini Chifu Injinia aliyekatiwa mara mbili katika zamu moja, mara ya tatu ataacha jenereta ikinguruma na kusema soketi imeharibika. Namwelewa, ningefanya hivyo mimi. Bandari ikitaka kuchomeka meli, lazima iwe na njia mbili za kuingiza umeme na kituo chake yenyewe.

Bei nayo ina la kusema. Mafuta ya meli yakiwa dola 700 kwa tani, uniti moja inayotengenezwa melini inagharimu karibu senti 15 za dola kwa mafuta peke yake. Umeme wa viwandani wa TANESCO uko chini ya hapo. Nafasi hiyo katikati ndiyo ya kulipia mashine ya kugeuza masafa. Itatosha iwapo meli nyingi zitachomeka. Ikichomeka moja kwa wiki, mtambo utakaa ukila kutu ya chumvi na kila mtu atasema tulidanganywa.

Kwa sababu hiyo, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu, mimi nisingeanza na kebo ya meli. Ningeanza na vitu vitatu vilivyo karibu zaidi na nchi kavu, na huku nikichimba mifereji.

Cha kwanza ni kupunguza kusubiri kwa meli. Simama ufukwe wa Coco asubuhi uhesabu meli zilizotia nanga nje zikingoja gati. Kila moja inawasha jenereta usiku na mchana. Na kibaya zaidi ni namna zilivyofika: zimekuja mbio kuwahi foleni. Nguvu ya kusukuma meli inakua haraka kuliko mwendo wake, karibu kwa kipeo cha tatu. Punguza mwendo kwa asilimia 10 tu, nguvu inayohitajika inashuka kwa takriban asilimia 27, na ukihesabu kwamba safari imerefuka, mafuta ya safari nzima yanapungua karibu asilimia 19. Nahodha akiambiwa akiwa bado mbali baharini kwamba gati lako litakuwa wazi Alhamisi saa nne usiku, anapunguza mwendo na kufika Alhamisi saa nne usiku. Hakuna waya unaohitajika hapo, wala mkopo. Kinahitajika mpango wa magati unaoaminika na mikataba isiyomwadhibu nahodha kwa kuchelewa kwa makusudi. Mradi wa kuongeza kina cha gati namba 1 hadi 7, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2017, watu huuona kama mradi wa biashara. Mimi nauhesabu pia kama mradi wa hewa, maana gati refu lenye kina linapokea meli kubwa zaidi na kupunguza idadi ya zinazongoja nje.

Cha pili ni yadi, anakofanya kazi mumeo. Kreni zile ndefu za gatini zinazoshusha makontena kutoka melini kwa kawaida ni za umeme. Lakini zile za magurudumu zinazopanga makontena yadi, wanazoziita RTG, kwa desturi zimebeba jenereta ya dizeli mgongoni. Zinaweza kuvuliwa jenereta hiyo na kuvalishwa kebo, kwa kuwa njia zao ni zilezile kila siku. Na kreni ya umeme ina jambo la kupendeza: inaposhusha kontena la tani 25, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye laini. Kreni ya dizeli uzito huohuo inaupoteza kama joto.

Trekta la mumeo ndilo linalofaa betri kuliko gari lolote mjini. Muulize siku yake inakwendaje. Anapakia chini ya kreni, anakwenda mita mia chache, anapanga foleni chini ya RTG huku injini inanguruma, anarudi. Mwendo mdogo, kusimama kwingi, hapandi mlima na hatoki geti. Injini ya dizeli inachukia kazi ya namna hiyo, inachafuka na kutoa moshi mzito. Betri inaipenda, kwa sababu ikisimama haili kitu.

Cha tatu ni pantoni. Hapa nina wivu na Norway. Mwaka 2015 walianza kutumia MV Ampere, pantoni ya kwanza ya magari inayoendeshwa kwa betri tupu, inayobeba magari 120 na abiria 360 kuvuka kilomita 5.7 kwa dakika kama ishirini. Vijiji vya pande zote mbili vilikuwa na umeme hafifu, usingeweza kumudu kuchaji haraka. Walichofanya ni kuweka betri nchi kavu, moja kila upande. Betri ya gatini inajaa taratibu wakati pantoni iko majini, kisha pantoni ikifika inamiminiwa kwa dakika kumi. Umeme hafifu haukuwazuia.

Kutoka Magogoni hadi Kigamboni hakufiki hata kilomita moja. Tuseme injini za pantoni zinatoa kilowati 600 kwa dakika sita kuvuka na kuegesha: ni uniti 60, sawa na betri ya gari moja dogo la umeme. Mvuko huu ni mfupi, ni uleule, kutwa kucha, umbali ambao mtu anamtambua nduguye upande wa pili kwa shati alilovaa. Kama kuna chombo cha majini Tanzania kinachostahili kuwa cha kwanza kwa umeme, ni hiki, na abiria wake ni watu wa kipato cha chini wanaopumua moshi huo wakiwa wamesimama.

Boti za kwenda Zanzibar ni habari nyingine, kwani ni umbali wa kilomita sabini na kitu kwa mwendo wa kasi. Zamani ningekuambia haiwezekani. Sasa nasita, kwa sababu mwaka 2025 huko Tasmania, Australia, iliteremshwa majini boti ya mita 130 iitwayo China Zorrilla, yenye betri za uniti 40,000, iliyoundwa kubeba abiria 2,100 kati ya Argentina na Uruguay. Na matagi ya kusukuma meli gatini nayo yameanza: Auckland, New Zealand, wanatumia la umeme tangu 2022.

Kwa malori jibu limeshaanza kuonekana. SGR ni treni ya umeme, na Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa rasmi Julai 2025. Kila kontena linalotoka gatini kwa reli ni lori moja pungufu Kurasini.

Sasa mafuta mapya. Hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu maneno yake ni matamu na hesabu zake ni chungu.

Meli ya kutoka Shanghai kuja Dar es Salaam haiwezi kutembea kwa betri. Betri zingejaza nafasi ya mizigo. Inahitaji kitu cha kuchoma. Kinachozungumzwa zaidi ni methanoli na amonia. Methanoli tayari iko baharini: Laura Maersk, meli ya makontena 2,100, ilianza kazi mwaka 2023, na mwaka uliofuata zikaja za makontena zaidi ya 16,000. Ni kimiminika cha kawaida, hakihitaji kugandishwa, ila kwa safari ileile tangi linatakiwa liwe zaidi ya mara mbili. Tena methanoli nyingi duniani leo inatengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na hiyo ukiichoma hujasaidia kitu. Inayosaidia ni ile iliyotengenezwa kwa mabaki ya mimea au kwa umeme safi.

Amonia haina kaboni kabisa. Ni ileile inayotengenezewa mbolea. Lakini niliwahi kuingia kiwanda cha barafu bomba la amonia lilipovuja kidogo tu. Macho yalifumba yenyewe, kifua kikagoma kuvuta, nikatoka nikitambaa kwa kuufuata ukuta kwa mkono. Ni gesi inayoua. Mtu akija kupendekeza matangi ya amonia ya meli yajengwe karibu na Kurasini au Keko, mimi nitakuwa upande wako kumpinga, hata kama karatasi zake zimeandikwa "kijani" kila ukurasa.

Kisha kuna hesabu ya umeme. Kutengeneza tani moja ya amonia safi kunahitaji takriban uniti 10,000. Meli kubwa inayochoma tani 100 za mafuta kwa siku ingehitaji karibu tani 215 za amonia kwa siku, kwa kuwa amonia ina nguvu chini ya nusu ya mafuta kwa uzito uleule. Hiyo ni megawati 90 mfululizo, usiku na mchana, kwa meli moja. Mtambo mzima wa megawati 235 wa Bwawa la Nyerere ungelisha meli mbili na nusu. Mtambo huohuo ungechomeka meli zote zilizoko gatini, kreni zote, matrekta yote, pantoni zote, na ukabaki na mwingi wa kugawa. Ndiyo maana nasema umeme tulionao tuutumie kama umeme, moja kwa moja, kabla ya kufikiria kuugeuza mafuta ya kuwauzia wengine.

Utasikia pia hoja ya gesi: tuna gesi nyingi kusini, kwa nini tusiipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri na kuzijazia meli? Ni kweli haina salfa na haina masizi mengi, na bajaji za gesi zimetuonyesha faida yake mjini. Lakini katika injini za meli sehemu ya methani, ambayo ndiyo hasa gesi hiyo, hupita bila kuungua, na methani ikitoka angani inapasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 20. Kuna injini zinazovujisha kidogo sana na kuna zinazovujisha mno, na muuzaji hatakutajia ya pili. Gesi yetu naiona ikifaa zaidi Kinyerezi, ikizalisha umeme wa kuchomeka.

Nani atalipa? IMO ilikubaliana mwaka 2023 kwamba usafiri wa bahari, unaotoa karibu asilimia 3 ya gesi zinazopasha joto dunia, ufikie sifuri mwaka 2050 au karibu na hapo. Aprili 2025 wakaidhinisha mpango wa kuzitoza meli zinazochafua kupita kiwango. Oktoba mwaka huohuo walipokutana London kuupitisha rasmi, Marekani ikaupinga vikali, na kura 57 dhidi ya 49 zikaahirisha kikao kwa mwaka mzima. Linaniuma, kwa kuwa sehemu ya fedha zile ilikusudiwa nchi kama yetu. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi inapita hapa. Gharama ya nauli ya meli ikipanda, bei ya sabuni Lubumbashi inapanda. Tozo bila fungu la kurudi kwetu ni dhuluma, na kutokuwa na tozo kabisa ni mwanao kuendelea kupumua masizi.

Lakini kuna jambo moja ambalo halingoji London. Bandari za Umoja wa Ulaya zinaidai meli iliyofunga gatini itumie mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.1, yaani moja ya tano ya kikomo cha bahari kuu. Mafuta hayo meli nyingi tayari zinayo kwenye tangi dogo. Ni suala la kufungua valvu. Nchi inaweza kulidai hilo katika maji yake kwa kanuni na wakaguzi wa kuchukua sampuli, bila kuchimba hata mfereji mmoja. Kwa pumu ya mtoto wako, hilo ndilo la karibu kuliko yote niliyoyataja.

Mumeo asiogope, ila asikae tu. Trekta la betri linaendeshwa na dereva yuleyule. Usukani ni uleule, na kupanga tela chini ya kreni ni ujuzi wa macho yake. Wanaotikiswa ni mafundi wa injini, kwani mota ya umeme haina oili ya kubadilisha wala nozeli ya kusafisha. Kwao nashauri mafunzo ya umeme wa msongo mkubwa, na yaanze sasa, kwa sababu kebo ya volti 6,600 haimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kukosea. Kama mumeo ana hamu, aombe kuwa miongoni mwa wa kwanza kufundishwa betri zitakapoletwa. Wa kwanza ndio huwa walimu wa wengine.

Nilisema ningechimba mifereji huku nikifanya hayo mengine. Gati likishamwagwa zege, kupitisha kebo chini yake baadaye ni kulivunja upya. Kuweka mabomba matupu wakati wa ujenzi ni gharama ndogo sana, hata kama kebo zitakuja miaka minane baadaye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanaoguswa wana haki ya kusikilizwa. Siku wakija kwenu na michoro ya gati jipya, usiwaulize kama bandari itakuwa ya kijani, watakujibu ndiyo. Waombe wakuonyeshe kwa kidole, kwenye mchoro, mabomba ya kebo yanapita wapi na kituo cha umeme kinakaa wapi.

Na kuanzia usiku wa leo weka daftari. Andika tarehe, upepo unatoka wapi, shuka limechafuka au la, mtoto amepulizia dawa mara ngapi. Mwonyeshe daktari wake, kisha ukipata miezi sita, Kaskazi na Kusi zote mbili, niletee nakala.